Gitaa la Mzee Yotamu Lililooshwa

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, shambani, jikoni, ufukweni kule Matema, mugonile, hamjambo. Sogezeni viti tukae. Mimi ni Mercy, na leo naomba radhi mapema. Nimezoea kuja hapa na karatasi yangu imenyooka: mtu alizaliwa lini, alifanya nini, alitutoka lini. Leo karatasi ninayo, ila kichwa ndicho kimevurugika. Tangu Jumanne sijielewi.

Tunamkumbuka Mzee Yotamu Mwakifuna wa Mbugani, hapa hapa Kyela mjini. Mpiga besi. Nasema tena kwa waliochelewa kufungua redio: Mzee Yotamu Mwakifuna, mpiga gitaa la besi. Alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika kasi, akiwa na miaka sabini na nne. Ameacha mke, Bibi Felista. Ameacha mtoto wa kiume, Lameck, na mke wa Lameck, Tusajigwe, na wajukuu watatu. Ameacha na gitaa. Hilo gitaa ndilo lililonichanganya.

Mzee Yotamu alizaliwa Matema, kwa wavuvi. Besi yake ya kwanza ilikuwa debe, fimbo, na waya mmoja wa breki ya baiskeli. Anayenieleza ni Mzee Wilson, aliyekuwa mpiga ngoma wao kwenye bendi ya wakulima wa mpunga, enzi hizo za miaka ya sabini. Anasema, "Debe lile lilikuwa linavuma mpaka mbwa wanakuja kuuliza. Baba yake aliutafuta sana ule waya, baiskeli haina breki, mzee anateremka mlima anapiga kelele watu wapishe."

Gitaa lenyewe alilipata ng'ambo ya mto Songwe, Karonga kule Malawi, kwa mwanamuziki mmoja aliyeokoka na hakutaka tena mambo ya dansi. Lilikuwa tayari kuukuu. Limeundwa Marekani miaka ya sitini, zito, mtu ukilivaa saa mbili bega linakuuliza maswali. Mzee Yotamu alilivusha mto kwa mtumbwi, amelilaza chini ya mikungu ya ndizi.

Nikauliza lilikuwa rangi gani. Hapo vurugu zikaanza. Bibi Felista akasema njano. Mzee Wilson akasema jeupe. "Jeupe pee, nililiona mimi." Bibi akasema, "Wilson, nimelifuta vumbi miaka arobaini na kitu, nisijue rangi yake?" Nikasema jamani, mbona mnanichanganya, niandike lipi? Lameck ndiye akatuamua. Rangi ya zamani ile inazeeka kama mtu. Lilikuja jeupe, likawa njano polepole, na aliyelala nalo nyumba moja hakuona likibadilika. Basi nimeandika yote mawili.

Sasa sauti. Wasikilizaji, nisikilizeni hapa, maana bila sauti hamtanielewa. Besi nyingi za siku hizi kila noti inataka uione. Inang'aa, inalia, inajitambulisha. Besi ya Mzee Yotamu haikujitambulisha. Ilikuwa duu. Fupi, nene, imekwisha kabla hujajua imeanza. Bendi ilipovunjika aliingia kwaya ya kanisani, na mimi nimekulia kwenye mabenchi yale. Nilikuwa nafikiri ni sakafu inatetemeka. Siku moja aliugua, kwaya ikaimba bila yeye, na wote tuliona wimbo umekosa mahali pa kukanyaga.

Vijana walikuwa wanakuja mpaka kwake na magitaa mapya, wanamwuliza, mzee, sauti ile unaitoa wapi? Anawajibu, "Sijui, ndivyo lilivyo." Nao wanaondoka wakijua amewaficha. Mimi nilidhani hakuwaficha. Lakini nisiwahishe mambo.

Alipozidiwa, alimwita Bibi Felista, akamwagiza jambo moja tu. Bibi anasema, "Aliniambia, siku ya kunisimikia msalaba, mtu asinisomee risala. Lameck apige gitaa langu. Wakilisikia hilo, yatosha." Jambo moja tu, wasikilizaji. Hakuagiza ng'ombe wala turubai. Aliagiza gitaa lake lisikike.

Tukamzika Alhamisi. Baada ya wiki, kama ilivyo desturi ya ukoo ule, vitu vya marehemu vikatolewa uani vikaoshwa kabla ya kugawanywa. Blanketi, koti, viatu, jembe, kiti chake. Kila kitu. Na Lameck, mtoto mwema, anayempenda baba yake, akaliosha na gitaa.

Msicheke. Ningekuwa mimi ningeliosha pia. Alifungua kile kifuniko cha chuma kinachofunika chini, pale nyuzi zinapoanzia. Akakuta uchafu, akautoa, akautupa kwenye moto wa taka. Nyuzi zilikuwa nyeusi, akazivua zote nne. Akaagiza mpya Mbeya. Akasugua chuma kikang'aa, mbao akaipaka mafuta. Anasema, "Nilitaka litoke safi, kama mzee anavyostahili."

Jumanne nikaenda Mbugani na kinasa sauti changu. Kusimika msalaba kulikuwa Jumamosi. Zimebaki siku nne. Lameck akaunganisha spika, akapiga.

Mungu wangu.

Kijana anajua kupiga, hilo niliweke wazi. Noti ni zile zile za baba yake, mkono ule ule. Lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Kali, ndefu, inalia kama waya wa umeme kwenye upepo. Mzee Wilson aliweka chini vijiti vyake vya ngoma. Bibi Felista akainuka kwenye mkeka, akasema, "Huyo siye," akaingia ndani akafunga mlango.

Kila mtu akawa na lake. Mzee Wilson akasema ni spika. Tukaazima spika ya kanisani, bado. Lameck akasema ni vidole vyake. Mzee mmoja wa kanisa akasema tuache, gitaa limekufa na mwenyewe, mambo hayo yapo. Mimi mtangazaji, mtu wa sauti, kazi yangu ni sauti miaka kumi na mbili, nimesimama pale uani sijui hata niulize nini. Lameck akaniangalia akasema, "Dada Mercy, aliniomba kitu kimoja."

Nikaenda zangu jikoni kuomba maji. Kule nyuma yuko Tusajigwe, anakata mche wa sabuni vipande vya kuuza. Hapa lazima niwaeleze kitu, kwa wasikilizaji wasio wa huku kwetu. Kwetu Unyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Ni heshima. Wengi siku hizi wameilegeza, wanakula meza moja. Nyumba ya Mzee Yotamu haikuilegeza. Miaka kumi na tisa Tusajigwe ameishi kwenye uwanja ule, na akimwona mkwewe anakuja huku, yeye anapita kule. Hata jina lake hatamki. Waliachiana ukuta mmoja tu, ukuta wa jiko: mzee anapiga gitaa upande ule, yeye anapika huku.

Akanipa maji. Halafu, bila kuinua macho, akasema, "Wamelivua nguo."

Nikasema, nani kavua nini?

"Lile gitaa, dada. Pale chini, ndani ya kifuniko cha chuma, kulikuwa na kipande cha godoro. Ndicho kilichozibana nyuzi zisipige kelele. Mume wangu amekichoma, alidhani uchafu."

Nikamwuliza amejuaje, na hajawahi kulishika lile gitaa. Akasema, "Kipande nilikikata mimi. Mtoto wangu wa kwanza alipoacha godoro lake dogo, na kipande cha zamani kimeshachakaa, mwenye nyumba alimtuma mama, akaniambie anaomba kona moja ya lile godoro. Nikakata. Kesho yake nikasikia sauti imelala vizuri. Kila kikichakaa mama anakuja, nakata kingine."

Nikasema, Tusajigwe, watu wanahangaika pale tangu asubuhi, Lameck karibu atalia, na wewe uko hapa na jibu? Akaniangalia, mara ya kwanza.

"Sijaulizwa, dada. Mambo ya baba mkwe mimi nitayasemea wapi?"

Na Bibi Felista, aliyekuwa akitumwa? Nilimwuliza baadaye. Alidhani godoro ni la kupigia magoti akisali. Miaka yote hiyo. Haya, nani hapa hajachanganyikiwa?

Nikamwuliza na nyuzi. Akasema za zamani zile ni laini, zimelazwa bapa, haziparuzi kidole. Hizi mpya zina mikunjo, ndizo zinazopiga ukelele. Nikasema, zile za mzee ziko wapi? Tusajigwe akainamia kazi yake kwa aibu. Zote nne aliziokota pale uani, akaona chuma kizuri kisitupwe. Tatu amezitundika ukutani. Ya nne, ile nyembamba, anakatia sabuni.

Nikacheka mpaka maji yakanipalia. Mzee Wilson alipoiona ile waya imejaa povu alikaa chini kabisa. Lameck hakucheka. Aliichukua, akaipangusa na shati lake, akaanza kuzifunga zote nne, moja moja. Tusajigwe akakata kona ya mwisho ya lile godoro, akanipa mimi nipeleke, maana pale walikaa wanaume. Mimi ndiye niliyekipeleka. Kipande kidogo, hakijai kiganja.

Lameck akafunga kifuniko, akapiga noti mbili tatu. Duu. Duu.

Na kutoka ndani, mlango bado umefungwa, Bibi Felista akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Lameck, punguza bwana, kuna wageni."

Lameck aliondoa mkono kwenye nyuzi. Mlango ukafunguliwa taratibu, bibi akasimama pale, anatuangalia mmoja mmoja. Akasema, "Nimesema nini?" Akaketi kwenye kizingiti akasema, "Endelea, mwanangu. Usipunguze."

Jumamosi msalaba ulisimikwa. Hakuna aliyesoma risala. Lameck alipiga, Mzee Wilson akamsindikiza kwa ngoma moja, na watu waliokuwa wamekuja na maneno yao mfukoni waliyarudisha nyumbani. Agizo la Mzee Yotamu lilitimia kama alivyolisema.

Baada ya chakula nikamtafuta Tusajigwe. Nilitaka tu ruhusa ya kumshukuru hewani. Alikuwa nyuma ya jiko, amekaa chini, kanga imelowa machozi. Nikashangaa, maana siku ya mazishi nilimwona, alikuwa mkavu, anagawa uji. Watu walimsema. Nimemwomba ruhusa niyasome maneno yake kama alivyoyatoa, naye amekubali.

"Siku ya kuaga, mashangazi walinishika mkono. Wakaniambia, njoo, sasa umwangalie, hakuna tena kosa. Nikaenda. Dada, niliangalia ndani ya lile sanduku nikaona mzee nisiyemjua. Miaka kumi na tisa hata picha ya ukutani napita nimeinamisha macho. Nikawa najiuliza, huyu ni nani, na wangu yuko wapi? Nikashindwa kulia, nikaenda kupika uji. Wangu mimi yuko ukutani. Akiumwa mgongo najua, anapiga polepole. Akigombana na mama najua. Nilipojifungua, hana ruhusa ya kuja kunipongeza, alipiga wimbo mmoja mchana kutwa, nikajua ananipongeza. Leo nimemsikia, nikakimbia kusogea ukutani kama siku zote. Sauti inatoka makaburini. Upande ule wa ukuta hakuna mtu. Ndipo nimejua baba amekufa."

Alisema baba. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuja kuwaeleza sauti ya gitaa kuukuu. Nilidhani siri ni mbao, au rangi, au miaka. Sasa sijui. Mke aliyelala naye miaka arobaini na sita alidhani godoro ni la sala, na mkwe ambaye hakumwona uso alijua mgongo unauma lini. Nani alimjua Mzee Yotamu? Nimelala nalo swali hili wiki nzima na sina jibu la kuwapa.

Bibi Felista, pole sana, mama yetu. Lameck, pole, umemtendea baba yako haki. Wajukuu, poleni. Mzee Wilson, pole kwa kubaki peke yako kwenye bendi. Na Tusajigwe, wewe uliyefiwa mara ya pili Jumamosi, nakupa pole yako ya peke yako, maana ile ya kwanza hatukukupa. Ndaga fijo, asante sana.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba kitu kidogo. Kwenye msiba ujao, kabla hamjamsema yule asiyelia, nendeni mkamkalie karibu. Mwulizeni alikuwa anamsikia marehemu kwa upande gani.