Akili ya Mashine Mpya

Desturi ya kijiwe cha kahawa cha nyuma ya ofisi ya mbolea, mjini Iringa, ilikuwa moja tu: ofisi ikipokea mzigo, mzigo ni wa ofisi, sanduku ni la kijiwe. Kwa hiyo mwaka ule wa sabini na tatu, mashine mpya ya kadi ilipofika kutoka Dar es Salaam, mbao za sanduku lake zilikuwa benchi kabla mashine yenyewe haijachomekwa kwenye umeme. Alhamisi moja jioni, baridi ikiuma masikio, Lutengano alikuwa amelikalia benchi hilo kama aliyefiwa. Ndiye karani wa mashine. Kijiwe kilimwita Bwana Matundu. Kila mkulima alikuwa na kadi yake yenye matundu, mashine ikizisoma inapiga chapa orodha ya mbolea. Lakini kwanza ilishwe kadi za maelekezo, ziiambie cha kufanya. Hizo Lutengano alikuwa nazo thelathini na mbili tangu enzi za mashine ya zamani. Alizifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaziweka mfuko wa ndani wa koti, na mkewe alikatazwa kulipiga pasi koti hilo. Sasa meneja alikuwa amesema: orodha isipotoka Jumamosi, mashine inarudi Dar na Lutengano anakwenda ghalani kubeba magunia.

— Leo imekula kadi ngapi? aliuliza Yunusu, muuza kahawa, huku akipepea jiko.

— Tatu. Ya nne imeitema. Kisha inaandika nyota, ukurasa mzima nyota, inawasha taa nyekundu, basi.

— Nyota ngapi? aliuliza Kasian, dereva wa lori, aitwaye Gia Kubwa.

— Sikuzihesabu.

— Hapo ndipo ulipokosea.

Yunusu alichomoa kadi ngumu yenye matundu kutoka kwenye pakti, akaikunja, akaisukumia chini ya mkaa. Kila Ijumaa Lutengano humletea kadi chakavu za ofisini, zile zilizokwisha kutobolewa na kusomwa.

— Za safari hii zinawaka vizuri, alisema Yunusu. Mungu akuzidishie, Bwana Matundu.

— Amina, alisema Lutengano bila kumtazama.

— Tatizo ni baridi, alisema Kasian. Mashine hiyo nimeipandisha mimi. Mpaka Mikumi, salama. Kufika mlima Kitonga, gia ya kwanza, nikaisikia inalia huko nyuma. Mtoto wa Pwani yule. Mfunike blanketi. Wahenga walisema, maji ya moto hayaunguzi nyumba.

— Blanketi nimeweka jana, alisema Lutengano kwa sauti ndogo.

— La sufu?

— La sufu.

Mzee Bujiku aliteremsha kikombe. Alikuwa amekuja kutoka Usangu kuuza maksai mnadani, na maksai walikwisha siku nne zilizopita, ila kahawa ilikuwa haijaisha.

— Mimi nilinunua fahali kwa Mgogo, alisema. Nikampigia mluzi wa fahali wangu aliyekufa. Hakugeuka. Mwezi mzima napiga mluzi, yeye anakula tu majani.

— Ukafanyaje?

— Nikamchinja.

Walilitafakari hilo. Lutengano aliona ni shauri baya, akashika mfuko wa koti lake.

— Sikilizeni. Mashine ni mwili. Akili ni hizi hapa, na akili hii imefanya kazi miaka saba. Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Basi mwili umekasirika, alisema Yunusu. Mimi nimewaza usiku kucha. Tumekalia nini hapa? Nyumba yake. Nani atakubali kufanya kazi huku nyumba yake imekaliwa na Gia Kubwa?

Watu wazima watatu walijiinua kidogo kutoka kwenye benchi. Kisha wakakaa tena, maana kwingine kulikuwa na umande.

— Si hivyo, alisema Kasian. Ni zile nyota. Wenzetu wameshafika mwezini, au siyo? Mashine inadhani na sisi tunakwenda. Inakupa njia, Bwana Matundu, wewe unaipa mbolea! Lakini ni mashine njema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile haikutembea. Niliibeba mimi.

Hapo akatokea mama mmoja, kitenge begani, vumbi mpaka magotini.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Asante. Natoka Igawa. Hii ni mara ya tatu. Orodha ya mbolea imetoka? Mvua imeshatunyeshea mara mbili, na mahindi hayasubiri.

Lutengano aliona aibu mpaka shingoni. Akamweleza yote: kadi tatu zinazoliwa, ya nne, nyota, blanketi. Mama alisikiliza huku anapasha mikono jikoni.

— Mashine mpya, alisema. Yenyewe haikuja na kadi zake?

Yunusu aliacha kupepea jiko.

Lutengano alikumbuka pakti mbili za kadi pembeni mwa sanduku, zimefungwa nailoni. Zilikuwa na matundu tayari. Kwake yeye, kadi iliyokuja na matundu asiyoyatoboa yeye ilikuwa taka. Alidhani wamezishindilia ili mashine isitikisike njiani. Akampa Yunusu awashie jiko.

— Zimebaki ngapi? aliuliza.

Yunusu alitazama chini ya jiko.

— Ulisema taka, Bwana Matundu.

— Ngapi?

— Ile niliyokunja sasa hivi ndiyo ya mwisho.

Mzee Bujiku alikitazama kikombe chake kwa heshima. Kasian akataka kuongezewa, lakini birika lilipoinamishwa lilitoa machicha.

Lutengano akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akafungua ule mpira wa tyubu, akatoa kadi ya kwanza kati ya zile za miaka saba. Akaigeuza upande wa nyuma na kuchomoa kalamu.

— Jina lako nani, mama?

— Sekela. Wa Igawa. Mifuko miwili.

Akaanza kuiandika orodha kwa mkono, polepole, akiyakwepa matundu.