Vibao Vilivyobaki Ukutani

Leo ni Jumatano, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka 1998, saa nne asubuhi; joto limefika digrii thelathini na nne, mvua haijagusa ardhi tangu Aprili, na moshi wa tanuru la shaba umelala juu ya mabati yetu. Nayataja haya asije mtu akasema kwamba nilinena nikiweweseka. Sikilizeni, wanangu, na wewe Kasonde acha kutazama saa: kikao cha kanisa lako kitakungoja, mimi sitangoja.

Nyumba ni ya Chileshe, kwa kuwa ndiye aliyenifulia mashuka. Vitabu na vyombo vyangu vya kupimia ni vyako, Kasonde, ijapokuwa hujui kupima. Hayo yamekwisha, wala siyo yaliyonifanya niwaite.

Nimewaita kwa sababu ya kijitabu chako cha historia ya Kanisa la Kilimani, ambamo umeandika, ukurasa wa kumi na mbili, kwamba mwaka 1958 waumini wachache walivunja Sabato wakaangamia mgodini. Aliyekufundisha hayo ni mzee wa kanisa Ng'andwe, naye nilimwachia masikio yako kwa kunyamaza miaka arobaini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii yetu imetembea hadi kwenye kiwanda cha kupigia chapa.

Kanisa lile halikujengwa na mmisionari. Wachimbaji wenyewe walifyatua matofali baada ya zamu, mwaka 1938, na kila mmoja alipanda mlima na tofali begani. Lilikuwa letu mpaka Ng'andwe alipolifanya lake.

Mgodini kila mtu alikuwa na kibao cha shaba chenye namba yake: ukishuka unakitundika kwenye ubao wa lango, ukipanda unakichukua, na karani akiutazama ubao anajua nani yuko chini. Ng'andwe akaupenda utaratibu huo, akapigilia ubao kama ule mlangoni mwa kanisa. Kila Jumapili muumini akitundike kibao chake pale, na atakayekosa mara tatu hatazikwa na kanisa. Lakini zamu ya Jumapili ililipwa maradufu, na watoto hawali Sabato. Basi wanaume wakashuka bila vibao, na wake na dada zao wakavipeleka kanisani. Wanawake walitaniana pale mlangoni: "We shemeji, mumeo kakonda jamani! Wiki jana alikuwa mtu, leo kawa bati!" "Afadhali wangu anang'aa, wako ana kutu!" Tulicheka wote. Mimi, karani wa zamu, niliwapitisha langoni nikicheka, na wakipanda nikawaandikia malipo yao.

Jumapili ile ya mwaka 1958 aliyewapitisha ni karani wa alfajiri; mimi nilishika kiti saa moja. Saa nne na dakika ishirini tope liliporomoka katika njia ya mashariki, ile ipitayo chini ya mlima wa kanisa, na meneja akaja mbio: "Mashariki wangapi?" Nikautazama ubao. Mashariki palikuwa patupu. Niliujua mchezo ule, wanangu, niliujua kama ninavyolijua jina langu, lakini nilikuwa nimeulizwa hesabu, nami nikatoa hesabu: "Hakuna, bwana." Wakaufunga mlango wa chuma ili kuwaokoa waliokuwa magharibi, na wakaokoka.

Jioni ubao wa kanisa ulikuwa bado na vibao, na wanawake wamesimama mbele yake, hakuna anayethubutu kugusa. Mama yenu alikuwa mbele ya kibao cha kaka yake Lombe, alichokitundika kwa mkono wake mwenyewe. Ng'andwe akatoka na Biblia kwapani: "Mungu hadanganywi kwa kipande cha shaba. Hawa kanisa halina maziko yao." Mama yenu akamjibu, "Basi na mimi usinizike, mzee. Sumu uliipika wewe, sisi tumepakua tu." Hakulikanyaga kanisa lile tena, nanyi mkaambiwa ana kiburi.

Sisi Wabemba tunahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye watoto. Lombe ndiye angewaozesha, ndiye angeketi hapa nilipo leo, na wewe, mpwa wake, umemwita mvunja Sabato.

Unasema kijitabu kimeshapigwa chapa? Kichomeni! Usinikatize. Mlango ule haukufunguliwa kamwe. Mifupa yao iko chini ya miguu yenu mnapoimba, wala hawana kaburi lingine ila ukurasa ule.

Chileshe, nipe maji... Inatosha.

Daftari liko chini ya godoro. Kila jina limo, na namba ya kibao. Yaandikwe yote, na la Ng'andwe aliyeweka sheria, na langu niliyemjibu meneja, bila kunipamba. Yakiandikwa, nizikeni kilimani. Yasipoandikwa, nipelekeni makaburi ya manispaa, na Kasonde asinitupie udongo. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nami nimeuficha wangu hadi pumzi...

Sogeeni. Chileshe, uzae, uzeeke, uheshimiwe. Kasonde... mkono wako. Sikuchukii. Mungu akupe ulimi nilioukosa mimi. Ukishaandika, baraka hii ni yako nzima; kabla ya hapo... nusu.

Chukua kalamu. Usiniulize tena, andika ninavyotamka. Mlango ulifungwa saa nne na dakika thelathini na tano. Waliokuwa nyuma yake... wote hai, wakati ule, wote...

Watu kumi na saba.