Mwavuli wa Shizue

Benchi letu liko mbele ya duka la santuri lililofungwa zamani, kando ya mashine ya kahawa ya makopo, na upepo wa bandari hutupiga usoni. Jumatatu Urano Shizue, mwimbaji wetu wa enka, zile nyimbo za Kijapani za majonzi, alikutwa amekufa peke yake katika chumba alichopanga juu ya duka la tambi. Hakuna ndugu aliyejitokeza, na mwili wake bado haujachomwa kuwa majivu, kama desturi yetu. Redio za mji mzima zinapiga wimbo uliomtoa akiwa binti, ule wa msichana aliyebaki gatini na mwavuli wa mwanamume aliyepanda meli. Kijiweni kesi ilikuwa moja: mwavuli ulikuwa wa nani?

— Wangu, alisema Ngisi, ambaye maisha yake yote alivua ngisi. Nilimwachia, mvua inanyesha. Chanda chema huvikwa pete.

— We mzee, pete na mwavuli wapi na wapi? aliuliza Mama Kaunta, aliyekuwa na baa pale kona. Wimbo aliutungia baani kwangu, analia. Aliyeondoka ni mimi.

— Wewe ulipanda meli lini?

— Nilimfukuza kazi. Si ni yale yale?

Meneja, aliyeendesha sinema mpaka ikafa, aliweka kopo lake chini.

— Mnapigana fiksi. Ubeti wa tatu anamtaja mtu wa viatu vya kahawia. Nani mwingine alikuwa navyo mji huu?

— Polisi wote, alisema Mama Kaunta.

— Alinifuata mpaka Tokyo, nikajificha. Mchagua jembe si mkulima, bwana.

— Mimi alitaka tuzikwe kaburi moja, alisema Ngisi. Aliniambia kwa macho, yuko jukwaani.

— Ulikaa safu ya ngapi? aliuliza Meneja.

— Nilisimama nje. Tiketi zilikwisha.

Tulikuwa bado tunamcheka alipofika binti wa ofisi ya ustawi wa jamii, kitambulisho shingoni, theluji mabegani. Aliinama.

— Samahanini, wazee wangu. Pale kwenye tambi wameniambia nyinyi mlikuwa watu wake. Afadhali nimewapata. Anachomwa kesho asubuhi, na mifupa inayobaki majivuni huokotwa na watu wawili, kila mmoja na vijiti vyake, ikatiwa chunguni. Hadi sasa niko peke yangu. Wa pili atakuwa nani?

Mashine ilinguruma. Mama Kaunta akajifunga skafu upya.

— Mimi na magoti haya, mwanangu.

— Kusema kweli, alisema Meneja, mimi nilikuwa namsikia redioni tu.

Ngisi aliinuka, akatia sarafu kwenye mashine. Binti alimtazama yeye, kisha akatutazama wengine, mmoja mmoja, kwa subira.

— Basi nitamwomba mfanyakazi wa tanuru anisaidie, alisema.

Akainama tena, akatushukuru kwa muda wetu.