Siku Niliyomsalimu Awuor

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mganga Mkuu wa hospitali, viongozi wa dini, wauguzi, na ninyi wagonjwa mliotoka wodini na mashuka yenu: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Daktari Bernadeta Chenge, unayestaafu leo, shikamoo yako ni ya peke yake.

Mimi ni Rebeka Ogweno, nauza mapanki Mabatini, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa, labda kwa sababu nilirudi kutoka mbali.

Mwaka tisini na tatu, mchana kweupe, nilimsalimu dada yangu mkubwa Awuor kwenye meza yangu ya samaki. Nikampa kiti, tukaongea. Awuor tulikuwa tumemzika Shirati zamani. Baadaye nikawa nasinzia kutwa, na binti yangu Sabina nikamwita kwa jina la marehemu. Majirani wakaanza kutaja macho yangu, kwamba ni mekundu kama ya mchawi. Ndugu zangu, nani hapa hajui mwanamke akitajwa macho huku kwetu anaishia wapi? Mimi niliogopa. Lakini yule aliyekuwa akicheka kwa kinywa changu, kana kwamba si mimi, hakuogopa.

Sabina akanileta hapa. Daktari huyu hakuniuliza nimemkosea nani. Alisema ninyooshe mikono kama ninayesimamisha basi pale Buzuruga, nayo ikapigapiga yenyewe. Akamwambia Sabina, "Mama hajarogwa. Tumboni mwa kila mtu mna vijidudu visivyohesabika, na vingine hutoa sumu. Ini ndilo huichuja. La mama limechakazwa na kichocho cha ziwani, kwa hiyo sumu inafika kwenye ubongo."

Akanipa dawa ya kunifanya niharishe ili sumu itoke, na vidonge vya kupunguza hivyo vijidudu. Awuor akafutika taratibu, akianzia usoni. Nililia kama msiba mpya.

Tangu hapo nikikaa kimya nalisikiliza tumbo. Vimo humo, vinangoja ini lichoke. Waheshimiwa, hata ninyi mnavyo.

Daktari aliniagiza nisishibe nyama, maana vijidudu huigeuza kuwa sumu, na siku nikimsalimu tena Awuor niletwe hapa haraka, si kwa mganga wa kienyeji. Leo mmetuchinjia ng'ombe, na mimi ni binadamu, nimekula. Daktari, ukishaondoka, nani atanitazama mikono?

Nakushukuru kwa kunirudishia akili yangu. Asanteni nyote kwa kunisikiliza hadi mwisho. Sabina, nishikie kipaza sauti, kinacheza. Kisha mpishe mama yako mkubwa akae. Amesimama pale mlangoni tangu nilipoanza.