Ufunguo wa Kabati Utakabidhiwa Baada ya Ndafu

Mtumishi mwenzangu, isome karatasi hii ukiwa umeificha ndani ya ratiba ya sherehe, na tafadhali usicheke kwa sauti. Nakala aliyopewa Mzee ina wasifu mwingine, wenye picha ya rangi. Huu ni wetu. Neno lolote lisimfikie kabla hajatukabidhi ufunguo, maana akisikia ataondoka nao kwenda kuutunza nyumbani, na sisi tutakuwa tumekwisha.

Ndugu Urbano Njiku anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, yote hapa Utemini, katika Kitengo cha Vitambulisho vya Wanahabari. Kazi ya kitengo si ngumu kueleza. Mwandishi wa habari analeta maombi, vyeti na picha, kisha anapewa kitambulisho cha kuonyesha mlangoni kwenye shughuli za serikali. Asiye nacho hubaki nje ya uzio. Mzee Urbano aliipenda sana sehemu ya kupokea maombi. Sehemu ya kutoa vitambulisho ilimuumiza kama kumwozesha binti kwa mtu asiyejua kwao.

Tumwelewe. Zamani alimruhusu mtu mwenye kamera kukaa mstari wa mbele kwenye ziara ya kiongozi, na baadaye ikagundulika ni fundi picha wa harusi aliyefuata pilau. Tangu hapo Mzee hakuamini tena karatasi. Akaweka utaratibu wake: kila mwombaji alete shahidi aliyesoma au kusikia habari zake.

Februari mwaka huu Belinda, mtangazaji wa redio ndogo ya Manyoni, alimleta Mzee Gaspari, mkulima wa alizeti kutoka Mitundu.

"Ulimsikia?" Mzee Urbano alimuuliza.

"Nilimsikia. Mbegu zetu zilikuwa hazioti, akazisema redioni, tukabadilishiwa."

"Ulimwona?"

"Nimwone redioni, ndugu yangu?"

"Basi unajuaje kuwa ni huyu?"

Mzee Gaspari alimgeukia Belinda. "Binti yangu, hebu sema kidogo, kama unavyosemaga." Belinda akatangaza habari za mbegu pale pale mezani. Mzee Gaspari akapiga makofi. "Ndiye! Hata kile kikohozi ni chake!"

Mzee Urbano akasema sauti hufanana, waende wakatafute shahidi wa shahidi.

Hata hivyo, kitambulisho cha Belinda sisi tulikwisha kukichapa na kukipiga muhuri wiki ile ile. Kimo ndani ya kabati la chuma pamoja na vya wenzake wote, na ufunguo wake ni mmoja tu. Unaning'inia shingoni kwa Mzee, jirani na rozari. Mhariri wa Belinda amempa mpaka leo jioni: akikosa kitambulisho, nafasi yake anapewa mwingine.

Mafanikio ya Mzee Urbano ni mengi. Mwaka mzima uliopita hakuna mwanahabari wa bandia aliyeingia kwenye mkutano wowote wa mkoa. Wa kweli pia hakuingia. Malalamiko ya magazetini dhidi ya ofisi yetu yamekwisha kabisa.

Asubuhi ya leo, akiwa na suti mpya, alimuuliza Calist, mlinzi wetu wa getini, kama wanahabari wamekuja kutangaza sherehe yake.

"Wamekuja, mzee. Wako nje."

"Sasa si waingie?"

"Kitambulisho, mzee. Agizo lako mwenyewe."

Mkono wa Mzee ulipanda mpaka kwenye ufunguo, na sote tuliokuwa barazani tukautazama. Kisha akanyoosha tai. "Umefanya vizuri, Calist," akasema, ingawa uso wake haukusema hivyo.

"Shikamoo, mzee!" Belinda aliita kutoka ng'ambo ya uzio. "Wewe toa hotuba tu, tutakusikia hapa hapa!"

"Marahaba. Lakini hutakuwa umeniona."

Hata hivyo, haki yake apewe. Hajawahi kupokea hata soda ya mwombaji. Vijana aliowapokea hawajui kuandika barua, amewaacha wanajua. Mwandishi wa wasifu huu ni mmoja wao, na anaandika haya kwa siri lakini kwa aya zilizopangwa, kama alivyofundishwa.

Asante, Mzee Urbano. Tunakuombea mapumziko mema, alizeti inayoota, na wageni wanaokaribishwa bila shahidi.

Anayetaka kumpata mwandishi wa wasifu huu asimpigie simu wala asitaje jina lake. Ndafu ikishaliwa na ufunguo ukishakabidhiwa, azunguke nyuma ya ofisi, kwenye dirisha linalotazama tangi la maji. Pazia likiwa limefunguliwa, apenyeze mkono tu, apokee kitambulisho chake. Calist amwambie Belinda atangulie.