Fuatino na Geti la Uwanja Wetu

Nyie watu wa makao makuu, njia ya kuja kisiwani kwetu Savai'i mmeisahau au mmeikataa? Kivuko kinatia nanga kila siku, kinashusha kila mtu isipokuwa nyie. Leo ndiyo mnataka wasifu wa Fuatino Semisi wa kuweka kwenye jarida lenu. Haya, someni. Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Mei, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa akiwa ofisa michezo wa wilaya. Chai ya ofisi yake nimeipika mimi muda wote huo, kwa hiyo habari zake hamtanifundisha.

Alipoanza, kazi yake ilikuwa moja: wanawake wacheze kirikiti, kriketi yetu ya kisiwani. Alizunguka vijijini na filimbi shingoni, akipuliza mpaka mtu anatupa ufagio. Upande huu wanawake arobaini, upande ule hamsini, nani alijali? Aliyekuja alicheza. Vaitoa, mke wa fundi mashua, akilishika lile gongo la pembe tatu, mpira unaruka paa la kanisa na mchungaji anajifanya hakuona. Fuatino naye alicheza ngoma kila mpinzani akitolewa, hadi siku moja akaangukia sufuria la magimbi. Tuliyala hivyo hivyo.

Kisha ikaja sera yenu. Wachezaji kumi na mmoja kila upande, la sivyo hakuna msaada. Aliyeileta ni Kelemete, bosi wake Fuatino. Alikaa kwenye mkeka wetu, akala, akafuta mdomo, akasema, "Mama zangu, chagueni kumi na mmoja tu."

Tukachagua kama tunavyochagua kila kitu hapa: kwa heshima. Mke wa chifu mkuu kwanza, kisha wake wa machifu wengine kwa kufuatana. Utamwambiaje mke wa chifu akae chini, acheze anayemfulia? Siku ya mashindano wakaingia uwanjani mabibi kumi na mmoja wenye vyeo, mmoja na mkongojo. Vaitoa alikaa pembeni, kashika mwavuli wa mwenzie. Tulitolewa wote kabla chai haijachemka.

Kelemete alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Fuatino, hii ni timu au ni msiba?"

"Umetaka kumi na mmoja, mwanangu, umewapata. Ungetuacha wote ungemwona Vaitoa."

Hakuuliza Vaitoa ni nani. Mkatangaza kwamba wanawake wetu hawana kiwango, uwanja mkawapa wavulana wa raga, mkauzungushia waya. Fuatino mkampa ufunguo atufungie nje sisi aliotulea. Wavulana wawili walipata timu ng'ambo. Wengine wamerudi majumbani na magoti mabovu. Sisi tukakaa. Tulipokaa, kisukari kikapata pa kukaa. Mwaka juzi Vaitoa alikatwa mguu. Huo mguu mmeuandika wapi katika sera yenu?

Ndipo Fuatino akaanza kutufungulia geti kila alasiri, wavulana wakienda kula. Mlimwonya. Aliitikia kwa adabu, kesho yake akafungua. Vaitoa tunamweka kwenye kiti karibu na mstari, ana filimbi sasa, na mdomo ni ule ule: "Kimbieni, wavivu nyie! Mimi wa mguu mmoja nawashinda!"

Ijumaa atamkabidhi Kelemete ufunguo, na Kelemete keshasema geti halitafunguliwa tena kwa ajili yetu. Mtaleta keki na saa ya ukutani. Keki tutakula.

Fuatino, mwanangu, ahsante. Ulikula mshahara wao ukatutumikia sisi. Mungu akupe miguu miwili mpaka kaburini. Pumzika, ila usikae.

Nanyi mnaosoma, mkija safari nyingine msipitie ofisini kuomba ufunguo. Njooni alasiri, mfuate filimbi ya Vaitoa. Upande wa kanisa, nguzo ya tatu, waya umelegea. Inua, inama, pita, kisha simama kwenye mstari na wenzio. Hatuhesabu.