Aloys Maundu, Mpimaji wa Miti ya Iveti, 1949–1999

Padre, wazee, mama zetu na majirani, mimi ni Nduku, kifungua mimba wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma jinsi yalivyokuwa, pamoja na pale ambapo baba wadogo waliniomba nipite haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 hapa Mumbuni, mtoto wa tatu wa mzee Muli na mama Mbithe, akaanza darasa la kwanza mwaka 1957, akafika kidato cha pili mwaka 1967, akaacha shule baba yake alipofariki.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa kuwa mlinzi wa msitu kule Iveti, na mwaka 1984 watafiti wakapima viwanja vinne kilimani, wakapigilia vibati vya nambari kwenye miti mia tatu na kumi na miwili, wakamkabidhi tepu na daftari, wakaenda zao. Tangu hapo, kila Machi kabla ya mvua, maana gome likilowa hufura na kipimo hudanganya, yeye na mwenzake Bwana Omar wa hapa mjini waliuzungushia kila mti tepu palepale, usawa wa kifua, wakapapaka rangi nyeupe ili mwakani wasikosee hata kidole. Watu walimwita daktari wa miti, wakamuuliza kama wagonjwa wamemeza dawa, naye akawaeleza kwa upole kwamba mti ukinenepa unaficha ndani ya mbao ile kaboni tunayoitoa kwa moshi, na huwezi kujua umeficha kiasi gani kwa kuutazama mara moja, lazima urudi, na urudi tena. Alirudi miaka kumi na mitano bila kuruka hata mmoja, hata Machi 1992 nilipolazwa na malaria, nikamkasirikia, na leo namwomba msamaha.

Alifunga ndoa na mama yetu, Kamanthe, katika kanisa Katoliki tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto wanne, mimi, Mutuku, Kavutha na Kanini.

Sasa programu inataka nisome ugonjwa. Ugonjwa haukuwepo. Jumanne tarehe 9 Machi 1999 baba alitoka hapa saa moja asubuhi akiwa mzima, akamwambia mama amwekee isyo, mahindi na maharagwe yake ya jioni, na saa saba tukaitwa hospitalini kumtambua, na hata nikisoma haya bado nangoja mtu anisahihishe.

Yeye na Omar walikuta wakataji wa mbao wameshaangusha miti arobaini na saba, yote ya viwanja vyake, kwa sababu barua yao ya kibali ilisema wakate iliyotiwa rangi, na ile nyekundu yao ilikuwa upande wa pili wa kilima, wao wakaona nyeupe ya baba, wakaona inatosha. Aliwaomba wangoje alete ramani. Msimamizi wao akamjibu, "Mzee, mti ni wa serikali, rangi ni ya dukani, sasa wewe unalilia nini?" Wakaenda kunywa chai, wakaacha mti mmoja umekatwa nusu, umesimama, bila kumwonya mtu, na baba, aliyesema kwamba mti ukishalala angalau urefu wake utajulikana sawasawa, akainama kuupima nambari 83 uliokuwa chini karibu yake. Upepo ulivuma kidogo tu. Omar alikuwa ameshika mwisho wa pili wa tepu.

Nimeambiwa nisome "ajali", nilipokataa nikaambiwa chuo kimenipa mdomo. Sawa. Lakini mti haujikati nusu wenyewe, na msimamizi huyo ameketi kwenye tenti hii, anakunywa maji yetu.

Familia inawashukuru madaktari waliompokea ingawa hapakuwa na la kufanya, majirani ambao hawajatuacha tangu siku ile, wenzake wa msituni, na fundi aliyetengeneza jeneza kwa mgrevilea wa shambani kwetu, baada ya mama kurudisha mbao tulizoletewa na wakataji, akisema, "Mume wangu hatalala ndani ya mti aliouhesabu."

Machi haijaisha, mvua haijanyesha, na barua ile haijafutwa. Imebaki miti mia mbili sitini na mitano ambayo haijapimwa mwaka huu, kwa hivyo Jumatatu asubuhi mimi na Omar tunapanda kilimani, na atakayekuja na msumeno atatukuta tumeuzunguka mti. Pumzika kwa amani, Nau, baba yangu, tutaanzia nambari moja.